Boti Isiyo na Kizibo

Boti ilikuwa imeopolewa ziwani jana yake na kupandishwa juu ya magogo mawili bandani. Maji yalikuwa bado yanaitoka tone moja moja, kama pua ya mtoto mwenye mafua. Inspekta alichutama nyuma yake, akaingiza kidole katika tundu dogo lililokuwa chini kabisa, karibu na injini. Kidole kikaingia chote.

"Hapo ndipo kizibo kinapokaa," alisema meneja wa klabu ya uvuvi, aliyesimama mlangoni asije akachafua viatu. "Boti ikiwa nchi kavu tunakitoa ili maji ya mvua yatoke. Ikishushwa ziwani tunakirudisha. Jambo la mtoto mdogo hilo."

"Na safari hii hakikurudishwa."

"Ndiyo maana tuna maiti, Afande. Mlevi utamfanya nini?"

Inspekta alipangusa kidole kwa leso yake. Alikuwa mama wa makamo aliyebakiza muda mfupi astaafu. Vijana wa kituoni walimwita Mama Taratibu, kwa sababu hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti. Walichokijua ni kwamba akikasirika sauti yake hushuka badala ya kupanda. Tangu asubuhi ilikuwa inashuka. Mkuu wake alikuwa amempigia simu kabla hajamaliza chai. "Funga hilo jalada leo, mama. Kabla ya jioni. Nahodha alilewa, akasahau kizibo, boti ikazama, akafa. Mkurugenzi, yule mgeni aliyekuwa naye botini, ameponea chupuchupu, mzee wa watu anataka kwenda kwao kupumzika."

Nahodha huyo wote walimwita Kambare, kwa masharubu yake mawili marefu na kwa kuwa hakuna aliyekumbuka siku aliyokuwa mbali na maji. Kazi yake ilikuwa kuwapeleka ziwani watu wanaovua kwa kujifurahisha: wanamnasa samaki, wanapiga naye picha, kisha wanamrudisha majini.

"Wanamrudisha!" alinong'ona Koplo, dereva wa Inspekta, akizitazama picha zilizobandikwa ukutani mwa banda. "Afande, mimi nikimrudisha samaki majini, mke wangu atanirudisha mimi kwa mama yangu."

Inspekta alizitazama picha. Katika kila moja kulikuwa na mgeni anayecheka, na pembeni yake Kambare amepiga magoti kwenye maji, mikono imezama hadi viwiko, hatazami kamera.

"Meneja," alisema, "klabu yako ina utaratibu gani wa hicho kizibo?"

Meneja alitanua kifua. Hili alilipenda. "Utaratibu wetu hauna kosa. Kizibo tunakifunga kwa mshipi wa kuvulia kwenye ufunguo wa boti. Huwezi kuwasha injini bila kukishika kizibo mkononi. Nahodha anakichomeka kwanza, ndipo anawasha. Klabu nyingine wanakuja kujifunza kwetu."

"Kila ufunguo una kizibo chake?"

"Kila wa nahodha."

Inspekta alipanda kwenye magogo, akainama juu ya usukani. Ufunguo ulikuwa bado umechomekwa kwenye swichi, na askari walioiopoa boti walikuwa wameuzungushia utepe wao. Aliugeuza kwa ncha ya kalamu. Ulikuwa na kibao cha mti kilichoandikwa namba ya boti. Hapakuwa na mshipi wala alama ya mshipi.

"Huu si wa nahodha."

Meneja alikohoa. "Huo ni wa akiba, unakaa ofisini kwangu. Kambare alikuja asubuhi ile akasema wake ameupoteza. Nikampa huo. Hata mimi sikujua kama amelewa kiasi hicho. Chupa imekutwa kwenye sanduku la barafu, Afande, imebaki robo. Tuseme ukweli tu, marehemu alikuwa anapiga maji."

"Alikuwa anakunywa?"

"Muulize mkewe."

"Nitamuuliza," alisema Inspekta. "Mkurugenzi naye yuko wapi?"

"Nyumba ya wageni. Anafunga mizigo."

Inspekta alimgeukia Koplo. "Lete gari letu, liegeshe langoni. Ukiulizwa, sema limeharibika."

"Limeharibika nini, Afande?"

"Utafikiri njiani."

* * *

Kabla ya kwenda kwa mjane, Inspekta alipita gatini. Ziwa lilikuwa limetulia siku hiyo, pana hadi macho yakashindwa kuona ng'ambo. Alitembea akitazama nguzo moja moja. Nyingi zilikuwa na kamba za kijivu zilizochakaa kwa jua, mafundo yake mazuri, ya mtu mwenye subira. Kwenye nguzo ya mwisho palikuwa na fundo kama hayo, na chini yake kipande cha kamba kisichozidi kiganja. Ncha yake ilikuwa nyeupe, mbichi. Ilikuwa imekatwa kwa kisu.

Mtu aliyefunga mafundo yote yale hakuwa mtu wa kukata kamba. Labda siku ambayo kufungua fundo kungemchelewesha.

"Hapa palifungwa nini?" alimuuliza meneja, aliyekuwa amemfuata kwa mbali.

"Hapo? Kiboti cha makasia. Cha watoto wa wageni. Kimekwenda kupakwa rangi."

"Lini?"

"Ah. Wiki iliyopita."

Inspekta alikata kile kipande chini ya fundo, akakitia kwenye bahasha. "Njia ya mwongo ni fupi, meneja," alisema kwa sauti ndogo sana. "Usinitembeze."

* * *

Mke wa Kambare alikaa chumba kimoja nyuma ya jiko la klabu, ambako alikuwa mpishi msaidizi. Mtu alikuwa amemwachia chupa ya chai mlangoni na kikombe kilichofunikwa sahani, bila kubisha. Inspekta alivichukua akaingia navyo. Mtoto wa kike alikuwa amelala kitandani, ana homa. Mama yake alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani, macho makavu.

Inspekta alimimina chai, akamwekea karibu na goti, naye akaketi sakafuni vilevile.

"Pole, mwanangu."

"Nimeshapoa," alisema mjane. "Meneja amekuja hapa. Ameniambia nisiende kwa watu kuuliza maswali, kwa sababu mume wangu ndiye aliyekosa. Ameniambia nishukuru Mkurugenzi hakufa. Nishukuru! Huyu mtoto akienda shule ataitwa mtoto wa mlevi aliyezamisha watu. Hicho ndicho anachoachiwa na baba yake. Sasa na wewe umekuja kuniambia nini?"

"Nimekuja kuuliza. Alikuwa anakunywa?"

Mjane alimkazia macho. "Sitakudanganya, mama. Jumamosi jioni akimaliza kazi, alikuwa anakunywa. Alikuwa anaimba vibaya, anacheka, analala. Lakini hajapanda boti na pombe hata siku moja. Alisema ziwa halitaniani na mtu."

"Asubuhi ile alikuwaje?"

"Sikuwepo. Nilikuwa zahanati na mtoto. Ila jana yake jioni alirudi na hasira. Mkurugenzi alitaka kuvua alfajiri, naye alimkatalia. Alisema upepo unageuka, kesho hakuna safari. Mkurugenzi akamwambia, 'Mimi nimeongoza watu elfu, wewe unanielekeza nini?'"

Inspekta alitoa kwenye mkoba jaketi la kuelea, la rangi ya chungwa. Ndilo alilokuwa amevaa Mkurugenzi wavuvi wa nyavu walipomwokota. Kabla hajasema lolote, mjane alishanyoosha mkono. Mkanda wa kushoto wa jaketi ulikuwa umekatika na kushonewa kipande kingine, kitambaa cha maua ya samawati.

"Umelitoa wapi?"

"Unalijua?"

Mjane alinyanyua kidole, akaonyesha msumari ukutani. Palining'inia gauni la maua ya samawati lisilo na mkanda.

"Mkanda wa jaketi lake ulikatika. Nikamwambia leta, usije ukazama wageni wakakosa wa kuwabebea samaki. Tukacheka." Aliushika ule mshono kwa vidole viwili. "Hili la kwake. Hamvalishi mtu mwingine, linambana kila mtu. Alikufa bila jaketi, mama. Meneja amesema alikataa kulivaa kwa jeuri. Alikuwa nalo nani?"

Inspekta alilikunja jaketi. Aliuliza, "Nguo alizokutwa nazo ziko wapi?"

Chini ya kitanda kulikuwa na mfuko wa plastiki uliofungwa fundo, kama ulivyotoka chumba cha maiti. Mjane hakuwa ameufungua.

"Nani alipekua mifuko?" Inspekta alimuuliza Koplo, aliyekuwa amerudi na kusimama mlangoni.

"Hakuna, Afande. Waliambiwa ni ajali."

"Waliambiwa," alirudia Inspekta. Koplo aliangalia ukucha wake. Kisha akavua koti lake la mvua, akalitandika sakafuni ili nguo zisiwekwe kwenye saruji tupu.

Shati. Fulana. Suruali nzito kwa maji, mfuko wa kulia umefungwa kifungo. Inspekta alivaa glavu, akafungua kifungo, akatoa ufunguo mdogo wa boti. Umefungwa kwa mshipi wa kuvulia, na kwenye ncha ya mshipi, kama samaki kwenye ndoana, kizibo cheusi cha mpira.

Koplo aliinama kukitazama karibu.

"Basi hakuupoteza," alisema Koplo.

"Hakuupoteza. Alikuwa nao mfukoni. Sasa fikiri, Koplo. Mtu ana ufunguo wake na kizibo chake. Kwa nini aende ofisini kuomba ufunguo wa akiba?"

"Hawezi."

"Hawezi. Aliyeiwasha ile boti ni mtu asiyejua kwamba kuna tundu. Boti ikikimbia maji hayaingii sana, haoni kitu. Anafika mbali, anazima injini, anatupa ndoana yake. Hapo ndipo inaanza kunywa." Sauti yake ilikuwa chini sana sasa, ikabidi Koplo ainame. "Na nchi kavu kuna mtu mmoja tu anayejua kwamba kizibo hakipo kwenye boti."

"Kwa sababu kiko mfukoni mwake," alisema mjane polepole.

Inspekta alisimama. Magoti yalilia. "Koplo, kiboti cha makasia kikienda kupakwa rangi, kinapakwa wapi?"

Hawakutafuta sana. Kilikuwa nyuma ya banda, kimefunikwa turubai na magunia ya mkaa. Rangi yake ilikuwa ya zamani ileile. Majani ya ziwa, bado mabichi, yalikuwa yamenasa kwenye kishikizo cha kasia, na mbele, kwenye pua yake, kulikuwa na kamba yenye ncha nyeupe iliyokatwa kwa kisu. Inspekta alitoa kile kipande kwenye bahasha, akaziweka ncha mbili pamoja. Zilikutana nyuzi kwa nyuzi.

* * *

Mkurugenzi alikuwa ameketi kwenye kiti cha mkono katika nyumba ya wageni, blanketi mabegani, fimbo zake za kuvulia zimefungwa vizuri kwenye mfuko wa ngozi. Alikuwa mzee mwenye sauti iliyozoea kusikilizwa. Meneja alisimama nyuma ya kiti kama mto wa kuegemea.

"Nimeshatoa maelezo," alisema Mkurugenzi. "Na gari lenu linaziba lango. Unajua mimi ni nani?"

"Najua, mzee. Nimepangusa viatu kabisa." Inspekta alivuta kiti kidogo, akaketi mbele yake. "Ni mambo madogo tu. Ulisema Kambare ndiye aliyeendesha boti."

"Ndiye."

"Akiwa amelewa."

"Alikuwa ananuka."

"Na jaketi?"

"Alikataa kulivaa. Alinicheka mimi kwa kuvaa."

Inspekta aliliweka jaketi mezani, maua ya samawati juu. "Hili ndilo ulilovaa wewe. Mkanda huu ulikatwa kwenye gauni la mkewe. Gauni liko ukutani, nimeliona sasa hivi. Ulilivaaje jaketi la mtu uliyesema alikucheka?"

"Majaketi ya klabu yanachanganyika," alisema meneja haraka.

"Meneja, wewe nitakuja kwako. Usinisogelee mapema." Aliweka ufunguo na kizibo, ndani ya mfuko wa plastiki, kando ya jaketi. "Huu ulikuwa mfukoni mwake. Na kiboti cha makasia nimekikuta chini ya magunia, hakina rangi mpya hata tone. Kama Kambare alikuwa na wewe kwenye boti, mzee, nani alipiga makasia?"

Mkurugenzi aligeuka kumtazama meneja. Meneja alitazama dirisha.

"Usimwangalie yeye," alisema Inspekta. "Yeye hakuwa majini."

Mikono ya mzee ilianza kulivuta blanketi, kulivuta, kama mtu anayevuta mshipi usio na kitu.

"Nilitaka saa moja tu," alisema hatimaye. "Peke yangu. Meneja akanipa ufunguo. Akasema huyu nahodha ana maringo, chukua, mzee wangu. Nikaisukuma boti kwenye mteremko, ikateleza majini, nikaenda. Nikatega. Mara naona miguu imelowa."

"Endelea."

"Upepo ulikuwa umeamka. Nilimwona anakuja kwa mbali na yale makasia yake. Alikuwa anapunga mkono, ameshika kitu, anapiga kelele. Sikusikia. Nilidhani ananitukana." Alimeza mate. "Kumbe alikuwa ananionyesha hicho." Kidole chake kilielekea kwenye kizibo bila kukigusa. "Alipofika, boti ilikuwa imeshazama. Nikashika ukingo wa kiboti chake kwa mikono miwili. Akaniambia mkono mmoja, mzee, njoo kwa nyuma. Sikumsikiliza. Kikapinduka."

"Ndipo akavua jaketi."

"Alinivalisha mwenyewe. Lilikuwa linabana. Alinishika kwapani akaniambia pumua. Pumua taratibu. Hakuniachia mpaka nilipopata pumzi. Halafu akasema anakwenda kukifuata kiboti, upepo unakichukua. Sikumwona tena."

Koplo alikuwa ameacha kuandika. Inspekta alizikumbuka zile picha ukutani, mikono iliyozama hadi viwiko.

"Wavuvi walikuokota ungali hai, una akili zako. Wamesema hukutamka neno hadi nchi kavu. Mzee, uliwaambia kwamba kuna mtu mwingine majini?"

Mkurugenzi alilivuta blanketi hadi kidevuni.

"Nakuuliza tena."

"Nilikuwa nimechoka."

"Uliwaambia?"

"Ningesema nini? Kwamba nimetoka bila ruhusa, kwamba nahodha..." Sauti iliyozoea kusikilizwa ilikatika. "Nilitaka kufika kwanza. Nilifikiri anajua kuogelea. Tulipofika, meneja akaniambia nimwachie yeye, ataeleza."

"Basi hawakumtafuta," alisema Inspekta. "Walikuwa na chombo, wana kamba, wana macho. Wakakuleta nyumbani wakakupa supu, na yeye alikuwa bado anaogelea. Asiyekuwepo na lake halipo, sivyo? Mkamtwika na chupa uliyokuwa nayo wewe botini."

"Afande," alianza meneja, "mimi nilijali sifa ya klabu, watu wangapi wanakula hapa..."

"Kiboti kilirudi chenyewe ufukweni ukakiona. Ulijua saa ileile kwamba mtu yuko majini. Ukaenda kutafuta turubai." Alisimama. Hakuwa amepaza sauti hata kidogo, lakini meneja alirudi nyuma hadi akagonga kabati. "Koplo. Pingu ziko wapi?"

Simu yake ililia. Alikuwa Mkuu.

"Vipi, mama, jalada limefungwa?"

"Limefunguliwa, Mkuu."

"Nini? Unajua yule mzee ni nani?"

"Ameniuliza hilohilo. Nitawajibu kwa maandishi wote wawili." Akaikata. Haikuwa kawaida yake kumkatia mtu simu.

* * *

Alimweleza mjane kila kitu, hakuruka neno. Mjane alisikiliza mtoto akiwa mapajani. Ilipofika kwenye jaketi, alipiga kiganja sakafuni.

"Angemwacha!" alisema. "Angemwacha na ukubwa wake! Mtu amemtukana jana, leo anampelekea kizibo! Mimi nimwambie nini huyu mtoto? Kwamba baba yake alitupenda sisi kidogo kuliko mzee asiyejua jina lake?"

Inspekta alishika kisigino cha mtoto, kilichokuwa nje ya shuka. Homa ilikuwa imeanza kushuka. Alikifunika.

"Na kwenye karatasi yenu itaandikwaje?" aliuliza mjane.

"Hakulewa. Alikataa safari kwa sababu ya upepo. Akaenda kumwokoa mtu, akamvalisha jaketi lake. Na waliomwacha majini watatajwa kwa cheo na kwa matendo yao. Nitakusomea mwenyewe kabla sijatia sahihi."

Walitoka pamoja. Meneja alikuwa amekalishwa nyuma ya gari la polisi, pingu mikononi, dirisha wazi. Mkurugenzi alikuwa kwenye gari la pili lililotoka kituoni, ameinamisha kichwa. Wapishi na wafua nguo walikuwa wamesimama barazani.

"Shemeji," aliita meneja. "Shemeji, nisamehe. Niliogopa. Kazi hii ndiyo maisha yangu, niliogopa."

Mjane alisimama, mtoto begani. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi macho yake yalilowa, lakini sauti haikutetemeka.

"Hata yeye aliogopa," alisema. "Aliliogopa ziwa siku ile, ndiyo maana alikataa safari. Na bado alikwenda."

Akaligeuzia gari mgongo, akarudi ndani kumnywesha mtoto dawa.